Kifaransa cha Jioni: Kaa Darasa la Uwezo Wako, si la Cheo Chako

Kila muhula mpya unapofunguliwa, wahudumu wa usajili katika vituo vya Kifaransa huulizwa swali lile lile: "Mimi nianzie ngazi gani?" Anayeuliza mara nyingi huja na jibu lake mfukoni, na mara nyingi jibu hilo halimfai. Meneja hujipandisha kwa kuwa haoni atakaaje dawati moja na kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Mfanyabiashara aliyeishi Bujumbura miaka kadhaa hujishusha kwa kuwa hajawahi kushika kitabu cha sarufi. Wote wawili watalipa ada, wote watapambana na foleni ya jioni, na mwezi ukiisha mmoja atakuwa ameacha kwa kuzidiwa na mwenzake kwa kuchoshwa.

Mwanafunzi wa shule akiwekwa darasa lisilomfaa, ana mwaka mzima wa kurekebishwa. Mtu mzima hana nafasi hiyo. Anatoka ofisini Posta saa kumi na moja, anaingia darasani Upanga saa kumi na moja na nusu, na saa moja na nusu usiku yuko kituoni akisubiri mwendokasi wa kumrudisha Kimara. Jioni zake mbili za wiki zimeshajadiliwa nyumbani, na huenda hazikupatikana bila maneno. Akizipoteza kwa darasa lisilo lake, muhula ujao hataziomba tena.

Na wanaokitafuta Kifaransa siku hizi si wapenzi wa sinema na riwaya peke yao. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2022 ikaingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye watu wengi kuliko zote ambazo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Shehena za Kongo hushushwa bandari ya Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye malori yanayoelekea Tunduma, yakaikata Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayenunua Kariakoo atapatana nawe bei kwa Kiswahili, tena kwa utani mwingi. Karatasi za mzigo wake ndizo hazina utani: nyingi ni za Kifaransa. Wakala wa forodha yeyote aliyewahi kuhangaikia FERI, ile fomu ya kielektroniki ambayo Kongo huidai kwa mizigo inayoingia nchini humo, anaelewa kwa nini karani anayeisoma bila kukodolea macho kamusi ana thamani ofisini.

Arusha nako kuna historia yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na ikalea tabaka zima la wakalimani, wafasiri na makarani wa lugha mbili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo mji huo huo hadi leo. Nje ya mahakama wapo waongoza watalii, ambao wanajua vizuri kwamba mgeni kutoka Lyon au Bruxelles hupenda kuelezwa habari za simba kwa lugha yake. Ongeza vijana wa Nairobi na Dar wanaopiga hesabu ya kuhamia Kanada, na utaona kwamba darasa moja la jioni linaweza kuwa na watu wanane wenye shida nane tofauti. Ndiyo maana swali la ngazi halina jibu la jumla.

Vipimo vyenyewe havina siri. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mfumo wa kupima umahiri wa lugha wenye ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. A ni mtumiaji wa mwanzo, B ni anayejitegemea, C ni mahiri. Alliance Française, taasisi iliyoanzishwa Paris mwaka 1883 na yenye matawi katika miji yetu mikubwa, hufuata mfumo huo, na vituo vingine vingi vimeufuata. Tatizo ni kwamba darasani kila ngazi hukatwa vipande: A1.1, A1.2, pengine A1.3. Mtu humaliza kipande cha kwanza akaenda kutangaza ofisini kwamba "amemaliza A1". Kituo kingine hukata ngazi hiyo hiyo vipande vinne, kingine viwili. Kwa hiyo ukihama kituo, usitaje jina la kipande. Taja saa ulizosoma na kitabu mlichotumia, pamoja na somo mlilofikia.

Sasa tuingie kwenye chumba cha mahojiano, maana hapo ndipo mambo huamuliwa. Mwalimu mzoefu hahitaji muda mrefu. Baada ya salamu na jina, atauliza jambo dogo la kawaida: *Qu'est-ce que vous avez fait le week-end dernier?* Anataka kujua ulifanya nini mwishoni mwa wiki iliyopita. Mmoja atajibu: *Je vais à Bagamoyo.* Anaeleweka kwamba kuna Bagamoyo na kuna safari, lakini Jumamosi iliyopita imegeuka kuwa leo, kwa sababu wakati uliopo ndio wakati pekee alio nao. Huyo ni wa A1, na hakuna aibu. Wa pili atasema: *Je suis allé à Bagamoyo avec ma famille.* Amefika kwenye wakati uliopita, tena kwa kitenzi kisaidizi sahihi, ambacho huwasumbua wengi. A2 inaweza kumpokea. Wa tatu: *Je voulais aller à Bagamoyo, mais il pleuvait, alors je suis resté à la maison.* Alitaka kwenda, mvua ilikuwa inanyesha, akabaki nyumbani. Hapo kuna nyakati mbili zilizopita zinazofanya kazi pamoja, moja ikitandika mazingira na nyingine ikileta tukio. Anayeyasema hayo bila kusimama katikati anaimaliza A2 na anabisha hodi B1.

Mwalimu huyo haandiki makosa peke yake. Anasikiliza pia kimya. Swali likikupita, unafanya nini? Ukigeukia Kiingereza, amepata habari moja. Ukiomba kwa Kifaransa akurudie, hata kama sentensi imepinda, amepata nyingine. Kwa hiyo shauri la kwanza ni hili: usiyaandalie mahojiano ya kupimwa hotuba ya kukariri. Watu hukariri aya tatu za kujitambulisha, wakapandishwa, kisha wiki ya pili darasa likaanza kujadili makala ya gazeti na aya zile tatu zimekwisha. Mtihani wa kupimwa hauna kufaulu wala kufeli. Ukiudanganya, utakayeumia ni wewe.

Hapa ndipo cheo kinapoharibu kazi. Mtu mzima anayesimamia wafanyakazi arobaini kazini haoni raha kuulizwa "una umri gani?" na kujibu kwa sauti mbele ya watu, akakosea na kusahihishwa na binti wa miaka kumi na tisa. Lakini darasa la A1 limejengwa kwa maswali hayo hayo ya kitoto: jina, kazi, ndugu, bei, saa, njia ya kwenda sokoni. Ukiyaruka kwa kuwa yanakudhalilisha, utafika B1 ukiwa na msamiati wa uchumi na huwezi kuagiza chai. Nimewasikia watu wa namna hiyo. Wanasema *développement durable* kwa ufasaha, kisha wanapotea wakiulizwa ni saa ngapi.

Upande wa pili kuna watu wanaoonewa na mfumo. Hawa walikijua Kifaransa kwa masikio: waliokulia Goma au Bukavu wakahamia huku, madereva wa malori, wafanyabiashara wa vitenge, akina mama walioolewa na Wacomoro. Wanaongea bila woga na kuelewa karibu kila kitu. Ukiwapa kalamu, mambo hubadilika. Kifaransa kina ugomvi wa kudumu kati ya sauti na maandishi: *mangé*, *manger* na *mangez* hutamkwa sawa kabisa, ilhali kila moja ina kazi yake. Aliyejifunza kwa sikio ataandika moja kwa zote tatu. Kituo kinachopima kwa karatasi peke yake kitampeleka A1, akakae miezi akifundishwa kusema *bonjour* wakati tangu utotoni amekuwa akigombana na makondakta kwa Kifaransa. Kwa maoni yangu huyo anapaswa kufuata mdomo wake. Akae B1 na wanaoongea wenzake, halafu kalamu aishughulikie kwa mazoezi ya ziada, hata kwa kurudi nyuma kwenye kitabu cha A2 nyumbani. Kama kituo hakina mahojiano ya mdomo, hicho si kituo cha kumpima mtu wa aina yake.

Kundi la tatu ndilo kubwa: waliosoma Kifaransa sekondari, wengine miaka kumi na tano iliyopita, na cheti kipo kwenye bahasha. Wao ni kinyume cha dereva wa lori. Wakiona maandishi, kumbukumbu hurudi haraka kuliko walivyotarajia. Majedwali ya vitenzi hufufuka, na baada ya wiki mbili tatu wanashangaa wenyewe. Wakisikia, hawapati kitu, kwa sababu walifundishwa kwa ubao na chaki, na mwalimu aliyeongea polepole kwa kuwahurumia. Karatasi ya mtihani itawapandisha hadi A2 au zaidi. Wakikubali, watakaa darasani wakisoma midomo ya mwalimu. Hao ningewaambia washuke kipande kimoja. Sarufi watakayoirudia haitawadhuru, na sikio litapata muda wa kufunguka. Lakini wasishuke hadi mwanzo kabisa. Mtu anayekumbuka vitenzi akiwekwa na wanaojifunza alfabeti hulala darasani baada ya kazi ya siku nzima, na usingizi wa saa kumi na mbili jioni unajulikana.

Hesabu ya muda ndiyo ambayo vituo vingi havipendi kuifanya mbele ya mteja. Makadirio yanayotajwa na Alliance Française kwa saa za masomo tangu mwanzo ni kama saa 60 hadi 100 kufika A1, 160 hadi 200 kufika A2, 360 hadi 400 kufika B1, na 560 hadi 650 kufika B2. Chukua darasa la kawaida la jioni: siku mbili, saa mbili kila siku, saa nne kwa wiki. A1 ya saa 100 ni wiki 25, nusu mwaka. B1 ya saa 400 ni wiki 100, na hapo hujatoa Ramadhani, Krismasi, msiba wa shangazi, mvua ya Aprili iliyofunga Jangwani, wala safari ya kikazi ya Dodoma. B2 ya saa 600 ni wiki 150, karibu miaka mitatu.

Sasa soma tena tangazo linaloahidi B2 kwa miezi sita. Saa 600 kwa wiki 26 ni zaidi ya saa 23 kwa wiki. Anayeweza kuzipata si mwanafunzi wa jioni tena, amefanya Kifaransa kuwa ajira yake. Tangazo la namna hiyo ama linahesabu kazi utakayojifanyia nyumbani usiku kucha, ama linatumia herufi B2 kama pambo. Hesabu hizo pia zinaonyesha jambo jingine: umbali kati ya ngazi haulingani. Kutoka A1 hadi A2 ni kama saa mia. Kutoka A2 hadi B1 ni mia mbili, na kutoka B1 hadi B2 ni mia mbili nyingine au zaidi. Wengi huacha wakiwa katikati ya B1 wakiamini kwamba vichwa vyao vimegoma, kumbe njia ndiyo imerefuka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nianzie wapi", jiulize unaishia wapi. Karani wa forodha anayetaka kusoma ankara na vyeti vya Kongo na kujibu barua pepe fupi anaweza kutosheka na A2 nzuri, mradi aongeze msamiati wa kazi yake. Hana haja ya kujitesa na sentensi za dhana za kifalsafa. Mwongoza watalii anahitaji B1 ya mdomo: kusimulia, kueleza sababu, kutuliza mgeni aliyepoteza begi, kuchekesha kidogo. Anayetaka kusoma shahada kwa Kifaransa katika chuo kikuu cha Ufaransa ajiandae kwa B2, ngazi ambayo vyuo vingi huidai. Anayeota ukalimani wa mahakamani hayuko kwenye hadithi ya madarasa ya jioni peke yake. Huyo ni wa C1 kwenda juu, na atahitaji mafunzo ya taaluma.

Kwa Kanada, hesabu ni kali zaidi na wengi huikosea. Katika mfumo wa Express Entry, pointi za ziada za Kifaransa huanzia kiwango cha saba cha kipimo chao cha NCLC, katika stadi zote nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kiwango hicho kinakaribiana na B2. Na cheti kinachokubalika huko ni TEF Canada au TCF Canada, si DELF. Nimekutana na watu waliofanya DELF kwa jasho, wakafaulu, kisha wakaambiwa waanze mtihani mwingine. DELF ni diploma nzuri, kwa kuwa haiishi muda wake maishani, na unaweza kufanya ya B1 bila kupitia za A1 na A2. Matokeo ya TEF na TCF hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo ukiyafanya mapema mno yatakufia mkononi.

DELF nayo ina kanuni ambayo mwenye sikio kali na kalamu butu anapaswa kuijua. Stadi nne, kila moja alama 25, jumla 100, na kufaulu ni 50. Lakini ukipata chini ya 5 katika stadi yoyote, umefeli hata kama jumla yako imevuka 50. Yule dereva wetu wa lori anaweza kung'ara kwenye mazungumzo akaangushwa na barua moja. Kama anataka cheti, ile kazi ya kalamu niliyomwachia aifanye nyumbani inageuka kuwa ya lazima.

Neno moja kwa anayezungumza Kiswahili. Asikubali kutishwa na habari za jinsia ya nomino za Kifaransa. Mtu aliyekua akisema *kiti kizuri kimevunjika* na *miti mizuri imevunjika* bila kufikiri hahitaji kuelezwa upatanisho ni nini. Atakachohitaji ni kukariri ipi ni ya kike na ipi ni ya kiume, na hiyo ni kazi ya subira. Kinachotuumiza kweli ni kwingine: irabu za puani, ile *u* ya *tu* isiyofanana na *ou* ya *tout*, na herufi za mwisho zinazoandikwa bila kutamkwa. Sisi tumezoea kusoma kila kilichoandikwa. Hayo hutengenezwa A1, kinywani, kwa kurudiarudia, na ndiyo sababu nyingine ya kutoiruka A1 kwa kiburi.

Unaweza kujipima nyumbani kabla ya kwenda kupimwa. Redio ya RFI ina taarifa ya habari iitwayo *Journal en français facile*, dakika kumi za habari za dunia kwa Kifaransa kilichorahisishwa. Isikilize mara moja, bila maandishi, kisha mweleze mtu kwa Kiswahili umesikia nini. Ukitaja nchi na majina ya marais tu, wewe bado ni wa A. Ukiweza kueleza nani alifanya nini na kwa nini katika habari tatu au nne, omba kupimwa kwa ajili ya B1. Tovuti ya TV5Monde nayo ina mazoezi ya bure kuanzia A1 hadi B2. Fanya ya ngazi unayojidhania na ya ngazi ya chini yake, halafu uwe mkweli kuhusu ipi ilikutoa jasho.

Darasa linalokufaa utalitambua wiki ya kwanza. Unaelewa sehemu kubwa ya anachosema mwalimu, na kinachobaki kinakulazimisha kukaza masikio. Ukielewa kila kitu, umelipia mapumziko. Ukielewa neno hapa na neno pale huku jirani akikutafsiria, mnampotezea muda yeye pia. Angalia na idadi ya watu. Darasa la watu thelathini, hata likiwa la ngazi sahihi kabisa, litakupa dakika chache mno za kufungua mdomo, na mtu mzima aliyelipa ili aongee hatakiwi kurudi nyumbani akiwa amesikiliza tu.

Basi kabla ya kutoa ada, omba vitu viwili kwa kituo chochote: upimwe kwa mdomo na si kwa karatasi peke yake, na uruhusiwe kuhama darasa ndani ya wiki mbili za kwanza bila kulipa upya. Kituo kikikunyima vyote viwili, tafuta kingine.